Joho la Shujaa

“Basi shujaa akaruka toka ghorofani, joho jekundu linapepea, akamdaka mchumba wake hewani!”

Saadiya aliinua mikono, na baraza zima la Mtaa wa Swahili likapiga vigelegele. Ndipo akamwona mama mkwe mlangoni, ungo wa mchele mkononi.

Akaishusha mikono upesi. Jana alimuaga anakwenda foleni ya sukari, kumbe yuko sinema, kwenye onyesho la wanawake watupu. Na mkwe alishaapa: mke wa mwanawe akikanyaga sinema, atarudi kwao.

Mama mkwe akapuliza makapi, taratibu.

“Mwongo wewe. Joho lilikuwa la buluu. Na kabla ya huyo mchumba, alimdaka kwanza mama yake mwenyewe.”

Kicheko kikapasuka. Saadiya akashusha pumzi, akamsogezea mkeka.

“Karibu, mama. Kwani wewe ulikaa upande gani?”