Jua la Kweli

Kri, kri. Kimya. Kri, kri.

Sauti ilitoka sebuleni, gizani, kabla jogoo hajawika. Fundi seremala alinyanyua kichwa akasikiliza. Hakuwa panya. Alikuwa mkewe, anazungusha lenzi ya kamera yake bila kuwasha taa. Anaizungusha, anasita, anairudisha.

Usingizi umemruka, aliwaza. Na nani angelala?

Tangu mama na binti watoke hospitali ya macho, nyumba ilikuwa imepoa kama jiko la jana. Mtoto ndiye aliyekuwa akijikuna, macho yamemwiva, ndiyo maana wakaenda. Usiku wa siku ile waliporudi, mke aliketi ukingoni mwa kitanda, amempa mgongo.

"Mishipa ya macho inakufa," alisema kwa sauti ya chini. "Wanasema hakuna dawa."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Fundi akamtazama Chiriku, binti yao wa miaka sita, aliyepewa jina hilo kwa vile mdomo wake haujui kupumzika. Alikuwa amelala, chupa ya matone kando ya kichwa. Hakuuliza tena. Kuna maneno ukiyauliza mara ya pili yanazidi kuwa kweli.

Yeye ni mtu wa mikono. Akachukua randa, akaviringisha pembe za meza, za kabati, hata za kitanda, mwanawe asije akajigonga. Mke alipitisha kiganja pembeni mwa meza, polepole, akashukuru, machozi yakimlengalenga. Muundi wake ulikuwa na alama nyeusi. Fundi akamtania, akamuuliza kigoda kimemkosea nini hata akipige teke. Wakacheka kidogo, kicheko cha kuazima.

Kisha mke akaomba jambo moja. Miaka yote studioni kwake alipiga watu picha mbele ya pazia lililochorwa mbuga, mti mmoja na jua jekundu linalozama. Maharusi, wahitimu, vichanga wasioweza hata kukaa, wote walipita mbele ya jua lile lile la rangi ya mafuta. La kweli hakuwahi kulipiga.

"Nipeleke, baba Chiriku," alisema. "Tusichelewe."

Fundi alimwelewa: mtoto alione, walau mara moja. Akaazima pikapu ya karakana.

Walifika mbugani jua limeshainama. Mke alishuka ameshikana mkono na Chiriku, akafunga kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu, vidole vikipapasa kila skrubu. Halafu akaanza kumhoji mtoto. Sasa rangi gani? Chiriku akasema papai lililoiva sana. Na juu yake? Mkaa ukipulizwa. Mawingu je? Yamechanika kama godoro letu, mama, pamba zote nje. Na kule mbali kuna twiga wawili, na katoto kao kanachelewa.

Fundi aligeuka, akaushika mlango wa gari kama anayezuia usianguke. Anamwekea akiba, aliwaza. Anamjazia mtoto rangi za kula siku za njaa. Na yeye, baba mzima, hana randa ya kulainisha hili.

"Limegusa chini?" mama aliuliza.

"Bado," alisema Chiriku. "Bado. Sasa."

Kamera ikalia. Mbingu nzima ilikuwa inawaka, twiga weusi tii ndani yake, na kamera ikalia tena na tena. Halafu, kama vile mtu amefunika sufuria, rangi zote zikatoweka.

Giza lilishuka haraka, na nyasi zile zilikuwa zimejaa mashimo ya ngiri. Fundi alikimbia akamkamata Chiriku mkono, akaubana sana.

"Polepole, mwanangu. Usiogope, baba nipo."

Nyuma yao mama alikuwa bado amesimama pale pale kwenye stendi, kiganja kimoja kimenyooshwa mbele yake, hewani, kinasubiri.

Chiriku akavichomoa vidole vyake.

"Baba, mshike mama, mimi naona."