Wiki ya Bi Harlow

"Karibu Chéticamp, mama. Safari ilikuwaje?"

Ndivyo Donat alivyompokea dada yake wa tumbo moja Jumatatu asubuhi, aliposhuka kwenye basi la wageni katika kijiji chao cha pwani ya Kanada. Akamshika mkono, akampa karatasi ya ratiba, akamgeukia mzee wa Toronto aliyekuwa nyuma yake.

Gilberte alibaki amesimama na mkoba wake. Sawa, miaka thelathini na moja Marekani si mchezo. Nywele zimekuwa nyeupe na mwili umeongezeka. Lakini ndugu yako hata macho yako asiyajue?

Kwenye orodha aliandikwa Bi Harlow, jina la marehemu mumewe. Hakuja kujificha, alikuja kujulikana. Alijiapiza: Donat akimwita Gilberte wa Placide wa Hyacinthe, kama watu wa pale wanavyoitana kwa baba na babu, basi yeye amesamehewa. Asipomwita, Jumamosi atapanda basi na hatarudi tena. Kosa lake alilijua. Waligombana kwenye simu, yeye na Donat, naye Gilberte akasusa hata mazishi ya mama yao. Nani hususa mazishi ya mamake?

Jumanne walipanda njia ya mlimani, bahari ikiwa chini yao. Donat alitangulia akiwaonyesha nyangumi.

"Mama, shika kamba. Upepo wa huku hauna adabu."

Mama. Kila mgeni wa kike alikuwa mama. Gilberte alikula mkate wake peke yake juu ya jiwe, akalia kidogo, akausingizia upepo.

Jioni Donat aliketi na fidla jikoni mwa nyumba ya wageni, visigino vikipiga sakafu. Vidole vilikuwa vizito na vilikosea mara nyingi. Ujanani alikuwa hodari kuliko hivyo. Umri hauna huruma, Gilberte aliwaza. Nyimbo zote zilikuwa zile za mama yao. Anne-Rose, mpishi, alisikiliza akifuta macho kwa aproni, na Gilberte akadhani ni vitunguu.

Jumatano Anne-Rose alimpa kisu. "Mgeni siku mbili, Bi Harlow. Ya tatu mpe jembe. Hapa kwetu jembe ni hili, na viazi ndivyo vile." Wakapika mchuzi wa kuku, na Gilberte akatia majani ya viungo ya kwao kabla hajaambiwa. Hakuna aliyeshtuka.

Alasiri wageni walivalishwa vinyago na nguo za ajabu, wakaonja mchezo ambao wenyeji hucheza katikati ya Kwaresima. Mwenye kinyago huingia ndani bila kusema neno, na wenyeji humkisia. Akitajwa, anavua.

Donat alikuwa bingwa. "Hili tumbo ni la Toronto. Wewe ni mwalimu, unasimama kama unangoja darasa linyamaze." Watu wakacheka, vinyago vikavuliwa kimoja kimoja. Akafika kwa Gilberte. Akamtazama muda mrefu, akaushika mkono wake, akaugeuza kiganja juu.

"Huyu amenishinda," akasema.

"Donat ashindwe?" Anne-Rose akasema. "Leo itanyesha mvua ya mawe."

Gilberte alienda kuvua kinyago chooni, mlango ukiwa umefungwa. Hakuwahi kujisikia mpweke vile, hata siku aliyomzika Harlow.

Alhamisi ikapita. Ijumaa wakala pai ya nyama, Donat akapiga fidla mpaka usiku ukawa mwingi, kisha akawaaga wote mlangoni. "Safari njema, mama. Njia unaijua."

Asubuhi basi lilipoondoka, Gilberte alikuwa kiti cha mbele, karibu na dereva, kijana mmoja mwenye maneno mengi aitwaye Réginald.

"Wiki hii mmebahatika," Réginald alisema. "Mpiga fidla wetu wa siku zote ni binamu yangu. Jumatatu mchana Donat akaja kumwomba ampishe."

"Kwani Donat si mpigaji wenu?"

"Donat? Kazi yake ni mizigo na mlima. Fidla aliitundika siku mama yake alipozikwa. Akasema itashuka dada yake akirudi."

Basi lilivuka daraja. Gilberte alitazama mikono yake.

"Sasa mzee Donat anatuambia dada huyo amerudi, eti yumo kati yenu. Tumembana wiki nzima, ni yupi? Hasemi. Anasema mtu akija na kinyago, atakivua mwenyewe akiwa tayari. Ukimlazimisha ataondoka tena. Mimi naona uzee tu. Orodha nimeisoma mara mbili, hamna mtu wa kwetu hata mmoja." Akamwangalia kwenye kioo. "Nisamehe, Bi Harlow. Nakuchosha na habari za watu usiowajua."

"Simamisha basi, mwanangu," alisema. "Mimi ni Gilberte wa Placide wa Hyacinthe."