Nusu Iliyobaki

Wazazi wa binti huko Iringa waliirudisha picha ya mposaji na barua fupi: "Uso tumeuona nusu tu. Leteni na nusu iliyobaki gizani."

Yotamu, mpiga picha wa Mbeya, aliisoma akacheka kwa dharau. Washamba wale, kivuli kizuri cha studio wanakiona kasoro. Hata hivyo alishusha taa mbili, achague moja ya kuongeza upande wa kushoto.

"Hiyo ndogo inatosha, fundi," alisema mposaji, karani wa boma, kitambaa kikiwa shavuni. Alidai jino linamuuma, kama alivyodai siku ya picha ya kwanza.

Yotamu akawasha ile kubwa. "Toa kitambaa, bwana karani."

Shavuni palikuwa na kovu la duara, na alama za meno zilihesabika: manne juu, manne chini. Meno madogo, ya binadamu.

"Ni mbwa aliniuma," karani alisema polepole. "Zima hiyo, ndugu yangu."

Yotamu alimtazama kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga njiani. Akaisogeza taa karibu zaidi.

"Tulia hivyo hivyo," alisema. "Wakwe wanasubiri."