Siku Bwana Muhdhar Aliposifu Tozo

"Tozo ni neema," Bwana Muhdhar alikiambia kioo, kisha akasonya.

Mkewe, Bi Rawiya, alikuwa akiifukiza kanzu ya mumewe udi. Hakuinua uso. "Rudia. Na usisonye."

Akarudia. Haya, hebu mwone mwenyewe. Huyu ndiye Muhdhar mwenye nyumba tatu za mawe za kukodisha wageni hapa Amu, mji wa Lamu, mtu ambaye kila asubuhi baada ya chai hurekodi sauti ya dakika tano na kuirusha kwenye grupu la wasapu la mji, akiichambua serikali mpaka mifupa. Tozo mpya ya nyumba za wageni aliiita wizi wenye risiti. Ruzuku ya mafuta ya boti, kumzoesha mvuvi kuomba. Chakula cha bure cha chekechea nacho? "Mtoto akilishwa na serikali, babake amebaki na kazi gani?" Nusu ya mji walimtukana, nusu wakamshangilia, na wote wakaisambaza ile sauti.

Sasa Swafwan, mwanawe wa pekee, anataka kumuoa Raihana wa Shela. Na babake Raihana, Bwana Shekhan, mji mzima wamjua kuwa mwenyekiti wa tawi la chama kilicholeta hiyo tozo. Mwaka mzima alizunguka na kipaza sauti akihubiri kwamba wenye majumba watoe, watoto wa wavuvi wapate kula.

"Mkataba wa kazi ya Doha anao mkononi," Rawiya alisema, akimvisha mumewe kanzu. "Swafwan amenambia wazi: akimkosa Raihana atautia sahihi, na kurudi tusimtarajie. Tuna mwana mmoja, Muhdhar. Siasa yako imeze, walau kwa yeo."

Muhdhar alimpenda huyo mwana kuliko nyumba zote tatu, ingawa hilo hakuwahi kulirekodi. Akavaa kofia yake ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, wakatoka yeye na dadake, Bi Mwanamkisi, ambaye mwezi mzima alikuwa akipeleka na kurudisha maneno baina ya nyumba hizo mbili, na ndiye aliyeleta mwaliko wa Shekhan.

Walipofika Shela, Bi Mwanamkisi aliingia ndani kwa wanawake. Muhdhar alimkuta mwenyeji wake ameketi barazani peke yake. Akastaajabu kidogo. Ilijulikana Amu nzima kwamba alasiri baraza ile hujaa watu wa chama hadi wengine kukaa chini. Bendera ya chama nayo haikuwapo juu ya mlango, palibaki misumari tu.

"Ameyaondoa yote kwa heshima yangu," Muhdhar alijisemea, na moyo ukamlainika.

"Karibu sana, Bwana Muhdhar," alisema Shekhan, akimmiminia kahawa kwa mkono wake. Alikuwa mtu mrefu, mpole kuliko kipaza sauti chake. "Nimekungoja siku nyingi. Nilitaka nikusikie kwa masikio yangu, si kwa simu."

Mtego huo, Muhdhar aliwaza. Akapiga funda la kahawa, akasema bismillahi kimoyomoyo, akaanza.

"Bwana Shekhan, mimi nalikuwa nimepotea ndia. Hii tozo ni neema."

Shekhan alikitua kikombe chake chini.

Muhdhar hakungoja kuulizwa. Alisema nti haijengwi kwa kila mtu kufunga mlango wake. Mvuvi asiye na mafuta, samaki atamvua kwa dua? Na mtoto mwenye njaa atajifunza alifu kwa kijiti gani? Maneno yalimtoka kwa urahisi uliomtisha. Mengine yalikuwa na maana kabisa, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Ruzuku pia?" Shekhan aliuliza taratibu.

"Ruzuku iongezwe."

"Na tozo si wizi?"

"Wizi gani? Lau ningeulizwa mimi, ningeipandisha maradufu."

Shekhan alitaka kumbishia. Lakini mgeni habishiwi kwenye baraza ya mtu, na Shekhan alilelewa akaleleka. "Haya, nimekusikia," alisema. Akauliza habari za mvua, kisha bei ya chokaa. Kahawa ya pili hakuimimina.

Muhdhar aliaga na kumwacha dadake nyuma, maana jibu la posa hupitia kwa wanawake. Njia yote ya ufukweni alitembea kifua mbele. Nyumbani alimsimulia Rawiya neno kwa neno, na Swafwan, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Baada ya magharibi Bi Mwanamkisi akaingia. Aliketi na buibui lake mwilini, asilivue.

"Wamekataa," akasema.

Swafwan aligeuka, akapanda ngazi za chumbani kwake. Juu walisikia sanduku likiburutwa.

"Nimekosea wapi?" Muhdhar aliuliza. "Nimemsifia kila kitu chake."

"Chake kipi? Shekhan amejitoa chamani kimyakimya tangu mwezi wa Shaabani, nami nimeambiwa yeo tu. Zile sauti zako za asubuhi alikuwa akizisikiliza ili akujibu, akazisikiliza mpaka zikamgeuza. Wenzake wamemsusa, hata salamu hawaitikii. Asema sasa nawe umemhama, na binti yake hatamtia katika nyumba ya watu wa tozo." Bi Mwanamkisi alimtazama nduguye kwa huruma, na kwa hasira pia. "Posa aliikubali tangu Ijumaa, Muhdhar. Yeo alikwita tu apate mtu mmoja wa kuketi naye."