Pamba Masikioni mwa Watiri

Watiri alichomoa pamba kutoka sikio la kulia, kisha la kushoto, akaisokota na kuitia mfukoni mwa koti. Ndani ya duka la redio la Ambalal, santuri ilikuwa ikilia. Kwa miaka kumi na mitatu, tangu aokoke, hakuwahi kupita mtaa huu wa Nyeri bila pamba. Lakini leo alikuwa shahidi, na shahidi hazibi masikio.

Mbele yake Kingori aliingia dukani bila hata kutazama nyuma.

Kingori alikuwa kijana wa kiwanda cha mbao, ndugu katika ushirika wa waliookoka kule Gakindu, na alitaka kumwoa Ngendo, binti pekee wa Watiri. Baada ya wiki tano ndugu wangeulizwa kama kuna mwenye neno juu ya ndoa hiyo. Kama hakuna, ingetangazwa. Uhuru ulikuwa umetimiza miaka kumi na vijana walikuwa wameanza kupotea kwa madisko na pombe ya chupa. Watiri aliapa kwamba binti yake hatapewa mtu wa mguu mmoja kanisani na mwingine dansini. Na mtu aliyeokoka hutafuta nini kila Alhamisi kwenye duka la redio?

Kingori alitoka upesi, mikono mitupu, midomo ikichezacheza.

"Anaimba!" Watiri alinong'ona. "Ameumeza wimbo mzima!"

Akamwita kwa sauti. Kingori hakugeuka. Mwenye kosa hageuki, Watiri alijiambia, na moyo ukamuuma kwa ajili ya Ngendo.

Jioni hiyo kijana alimsindikiza Ngendo hadi langoni. Baridi ya mlimani ilikuwa kali, na Watiri alikuwa amejifunga shali hadi puani.

"Leo ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Hapana, mama, asante," Kingori akajibu kwa sauti kubwa. "Nimeshakunywa chai."

Ngendo aliinamisha uso. Kingori alipokwisha kuondoka, Watiri alimgeukia bintiye. "Umeona vile anakwepa? Ati chai!"

"Mama, kama uko na swali, simama mbele yake umwulize."

"Nitasimama. Ngoja tu."

Kila Jumatano Watiri aliwafundisha wanawake wa ushirika kulinda mawazo, na wiki hiyo alifundisha kwa ukali kuliko siku zote. "Sikio ni mlango," alisema. "Wazo la dunia haikuji na panga. Inaingia pole pole, inakaa, inakunywa uji yako. Siku moja utashtuka ikiongea na mdomo yako." Wanawake wakaitikia amina.

Alhamisi ya pili alikaa kwenye benchi la veranda ya Ambalal. Ya tatu, Champa, mke wa Ambalal, alimtolea kiti chenye mto. Santuri ilikuwa ileile, maana mwezi huo ndiyo iliyopendwa. Ilihusu mwanamke aitwaye Magdaline aliyeombwa avue viatu acheze. Upuuzi mtupu, lakini Watiri aliusikiliza kwa makini. Ushahidi nusunusu hauna maana mbele ya ndugu.

Alhamisi ya tano alifika saa nzima kabla ya Kingori. Mguu wake ulikuwa umekufa ganzi, akawa anaupigapiga sakafuni.

"Mama, hiyo rekodi niweke tena?" Champa aliuliza.

"Shindwe! Mimi nangoja mtu."

Champa akaiweka tena.

Jumapili ilifika. Kingori aliketi benchi la mbele kama kawaida yake, akimkodolea mhubiri macho. Mnafiki mkubwa, Watiri aliwaza kule nyuma. Hatimaye Mzee Mutahi, kiongozi wa ushirika, alisimama.

"Kuna ndugu ako na neno juu ya Kingori na Ngendo?"

"Niko na neno," Watiri akasema, akiinuka. Alieleza yote: mabasi aliyopanda kumfuata Nyeri, Alhamisi tano, midomo iliyochezacheza. "Huyu kijana anajaza moyo wake nyimbo za dansi, halafu anataka mtoto yangu!"

Watu wote waligeuka kumtazama, isipokuwa Kingori. Alibaki akitazama mbele kama jiwe. Hata haya hana, Watiri aliwaza. Ngendo alikuwa akilia.

"Mama Ngendo, hiyo ni jambo nzito," Mzee Mutahi alisema. "Hata nyimbo za kanisa zinauzwa kwa rekodi. Uko na hakika ilikuwa ya dunia?"

"Sikia mwenyewe, mzee."

Watiri alifumba macho ili akumbuke vizuri. Alianza kwa kusema maneno tu. "Magdaline, vua viatu, sakafu inatuita..." Kufikia ubeti wa pili sauti ilikuwa imeshapata njia yake. Ule wa tatu, wa chupa na taa nyekundu, aliuimba na mabega.

Desturi ya ushirika ni kwamba shahidi akianza kuimba, ndugu humpokea kwa makofi. Nyanya wa benchi la nyuma, ambao hawakusikia vizuri maneno, walimpigia makofi mpaka ubeti wa nne.

Watiri alipofumbua macho, wanawake wa Jumatano walikuwa wamefunika midomo. Mzee Mutahi alikuwa ameachama mdomo.

Ni hapo Kingori, akiona uso wa mzee, alipogeuka nyuma. Aliona nyanya wawili wakimalizia makofi na mkwewe mtarajiwa akihema, jasho likimtoka. Akatabasamu, naye akapiga makofi, kisha akasimama.

"Ndugu, naweka hii nuruni, isikae siri tena," alisema kwa sauti iliyotikisa madirisha. "Ile kiwanda iliniua masikio, na mashine yangu ya kusikia iko kwa fundi wa Ambalal mwezi wa pili sasa. Nisameheni, sijasikia kitu. Mama ameimba pambio gani?"