Mtihani wa Kufumba Macho

Waliokuwapo chumbani ni Mwalimu Zubeda, msimamizi wa mitihani Bwana Lukindo, na wanafunzi kumi na wawili, akiwamo Tausi, asiyeona tangu kuzaliwa. Muhula uliopita Mwalimu alimpa Tausi sifuri katika zoezi la kuunda, kwa programu ya kompyuta, mtandao wa mfano wa ruta na swichi, vifaa vinavyounganisha kompyuta. Akifeli tena leo, anaondoka chuoni.

"Mwalimu, keti hapa," Tausi alisema, akimpa vipokea sauti vya masikioni. "Fumba macho, uunganishe ruta na swichi."

"Leo mwalimu ndiye anayetahiniwa!" wenzake wakacheka.

Mwalimu akafumba macho, akabonyeza kitufe. Sauti inayosoma skrini ikamwambia: "Picha." Akabonyeza tena. "Picha." Mara ya tisa ilikuwa picha vilevile, bila ruta wala swichi. Akavua vipokea sauti.

Tausi akafungua kompyuta yake, yenye mfumo endeshi mwingine. Programu ilikuwa ileile, ila hapa kila kifaa kilisomwa kwa jina. "Ruta ya kwanza. Mlango wa pili wa waya, wazi," ikatamka, na vidole vyake vikaukamilisha mtandao mzima.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuambia, Mwalimu. Ukasema kanuni ni moja kwa wote."

Bwana Lukindo akakohoa. "Na kanuni inataka kompyuta za chuo."

"Kanuni hiyo niliiandika mimi," alisema Mwalimu. Akasimama, akawageukia wote. "Tausi atatahiniwa kwa kompyuta yake, na ile sifuri nimeifuta. Asiyeridhika na aje aketi hapa, afumbe macho."