Baiskeli Isiyo na Cheni

Baiskeli ile haikuwa na cheni, pedali ya kushoto ilikuwa imekatika, na matairi yote mawili yalikuwa bapa. Kamanda Félicien alitaka itengenezwe breki ya mbele.

"Freni tu," alisema. "Bingine weye acha."

Alisema hivyo akiwa ameshakaa kwenye benchi la Octave, fundi wa baiskeli wa bandari ya Kalundu. Kabla ya kukaa hakufungua mdomo. Firmin, mlinzi wake, alieleza kwa heshima kubwa kwamba dawa ya vita inamkataza Kamanda kusema akiwa njiani. Akitoa neno moja tu, risasi zinampata.

Mwaka huo, 1964, waasi walikuwa wameshika mji, na mtu mwenye akili hakubishana na dawa ya mtu mwenye bunduki. Octave akainama aangalie kazi.

Fremu ilikuwa kuukuu, ya magurudumu ya inchi ishirini na nane. Kamanda alikuwa ameifungia ya ishirini na sita. Kwa hiyo raba za breki zilining'inia juu, zikibana tairi badala ya rimu.

"Shefu, juu ya nini haukuweka magurudumu yake yenyewe?"

"Ile iko muzito."

Octave alikuna kichwa. Tangu azaliwe alijua baiskeli ndiyo humbeba mtu. Uzito wake unamhusu nani?

"Basi nitie hewa ku tairi."

"Hewa nayo iko na uzito," alisema Kamanda, na hakuwa anatania.

Kisha akataja malipo. Siku zile wanaume wa bandarini walikuwa wakikamatwa na kupandishwa milimani, njia ya Mulenge, na masanduku ya risasi mabegani. Wengine hawakurudi.

"Freni ikikamata, hautabeba sanduku hata moja. Neno la kamanda."

"Na ikikataa?"

"Utabeba yako na ya jirani, papa," alijibu Firmin.

Octave aliliamini neno lile, na alikuwa na sababu. Wiki ile waasi walipoingia, Kamanda huyu huyu aliitoa tipoye ofisini, kile kiti cha miti ambacho wazungu wa serikali walipandia mabegani mwa watu, akaichoma moto mbele ya mji mzima. "Kuanzia leo," alipaza sauti, "muntu hatapanda tena juu ya muntu!" Baba yake Octave aliibeba tipoye ile mpaka bega likaota nundu, akazikwa na nundu hiyo. Siku ile Octave alilia hadharani, na alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma.

Sasa akafanya kazi kama anajitengenezea maisha, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Alikata vipande viwili vya chuma kutoka kwenye bawaba ya mlango, akavitoboa, akavishikisha kwenye uma wa mbele, upana wa vidole viwili chini ya tundu za breki za zamani. Akavilehemu kwenye makaa kwa shaba ya maganda ya risasi. Siku hizo ndiyo shaba pekee iliyookotwa bure. Mara ya kwanza shaba ilitiririka ikaanguka majivuni. Mara ya pili kipande kimoja kilikaa upande. Alitukana, akaanza upya.

Mkewe, Pétronille, alimletea ugali na ndagala wa ziwani, akaizunguka ile baiskeli.

"Hii haina cheni. Muntu anaenda nayo wapi?"

"Anateremuka mulima. Wa kuteremuka, cheni ya nini? Freni ndiyo maisha yake."

"Na kupanda?"

Octave akamega ugali. Kuna maswali ambayo mke huyauliza kusudi chakula kisishuke.

Jioni raba zilikaa sawasawa juu ya rimu. Octave aliinua uma, akazungusha gurudumu kwa kiganja, akabana. Likasimama papo hapo, kwa mlio uliowatimua kuku wa jirani. Alikuwa anatafuta msasa, aibu imemshika, Kamanda alipofika na kukaa.

"Inalia, Shefu. Ngoja nipunguze raba."

"Usiiguse! Inasikilika mpaka wapi?"

"Mpaka ku ziwa, Shefu."

Kamanda alibana mara moja, mara ya pili, akacheka kwa furaha. Octave naye akacheka. Amepona. Milima ataitazama kwa mbali tu, akiwa amekaa kwenye benchi lake.

Firmin akapiga filimbi. Wapagazi watatu wa bandarini wakaingia na mianzi miwili mirefu, wakaipitisha chini ya fremu, mmoja huku na mmoja huku, wakaifunga kwa kamba. Kamanda akapanda, akakaa vizuri kwenye tandiko, akashika usukani. Octave akaangalia wale watu watatu. Kisha akaangalia ncha nne za mianzi.

"Weye mbele, papa," alisema Firmin. "Mukono moja ku bega. Mwingine uzungushe gurudumu. Freni ikilia, munasimama."

"Shefu," Octave alisema, "hii iko tipoye."

Kamanda alimtazama kama mtu aliyetukanwa na rafiki.

"Tipoye iko na freni?"

Akafumba mdomo, maana sasa alikuwa njiani. Mwanzi ukatua kwenye bega la Octave, pale pale pa baba yake. Gurudumu likazunguka chini ya kiganja chake mpaka nje ya uzio. Hapo breki ikalia sikioni mwake, ikakamata sawasawa, na wanaume wote wanne wakasimama.